Unyamazishaji wa kromatini na mikato ya DNA katika meiosisi ya hamira: ukimya huzuia mikato, au huihamisha?

Mwanafunzi wa Jenetiki (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu rikombinesheni (kuchanganyika upya kwa DNA za kromosomu) katika meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotoa spora) ya hamira, ile ile Saccharomyces cerevisiae tunayoumulia mkate na maandazi, na nimekwama mahali ambapo maelezo ya vitabuni hayaoani na matokeo yaliyochapishwa. Naomba mnivumilie nieleze kwanza nilivyoelewa, ili mwenye kunisahihisha ajue pa kuanzia.

Seli ya hamira yenye seti mbili za kromosomu 16, ikinyimwa nitrojeni na kupewa asetati, huingia meiosisi. Baada ya kunakili DNA yake huanza kujikata kwa makusudi: kimeng'enya Spo11, ambacho mwaka 1997 kilitambuliwa kuwa jamaa ya topoisomerasi (vimeng'enya vinavyokata na kuunga DNA) za vijidudu vya arkea, hukata nyuzi zote mbili za DNA katika sehemu kati ya 150 na 200 hivi kwa kila seli. Seli huirekebisha mikato hiyo kwa kunakili mfuatano kutoka kwa kromosomu mwenza (nakala ya kromosomu hiyo hiyo iliyotoka kwa mzazi wa pili), na marekebisho yapatayo 90 huishia kuwa mbadilishano kamili wa vipande. Mikato haitapakai ovyo. Iko mahali panapoitwa maeneo moto, ambayo kwa hamira ni zaidi ya 3,000, na mengi yako penye promota, yaani sehemu ya mbele ya jeni ambako nukleosomu (mafundo ya DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni) zimeachia nafasi.

Kwa upande wa pili kuna kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifungasha) iliyonyamazishwa. Protini Sir2 huondoa asetili (alama ndogo ya kikemia) kwenye mkia wa histoni H4, hasa asidi amino ya laisini ya 16. Sir3 na Sir4 hushikamana na histoni zilizovuliwa asetili, na jeni zilizomo humo hazisomwi tena. Hali hii inajulikana katika sehemu tatu: jeni za jinsi zilizofichwa, HML na HMR, ambazo ziko kromosomu ya III, sehemu za karibu na telomea (ncha za kromosomu), na safu ya jeni za RNA ya ribosomu, rDNA, iliyoko kromosomu ya XII.

Maelezo niliyofundishwa ni kwamba kromatini hiyo ni mlango uliofungwa, na Spo11 haipiti. Ushahidi wake unaonekana mzuri. Kimeng'enya HO, kinachoanzisha ubadilishaji wa jinsi ya hamira, hukata MAT (mahali pa jeni ya jinsi inayosomwa) lakini hakikati HML wala HMR, ingawa mfuatano kinaoutafuta upo kote kutatu. Ukiondoa protini za Sir, kinakata kote. Vilevile Wu na Lichten walionyesha mwaka 1994 kwamba mikato ya meiosisi hutokea mahali ambapo kromatini iko wazi kwa nukleasi (vimeng'enya vinavyokata DNA).

Tatizo langu ni makala ya Mieczkowski na wenzake, wa maabara ya Petes, ya mwaka 2007. Walifuta jeni ya SIR2 wakapima mikato katika jenomu nzima, na zaidi ya asilimia 10 ya jeni za hamira zikabadilika kiwango. Kama Sir2 ni kufuli, kuiondoa kungepasa kuongeza mikato tu. Lakini ziko sehemu ambazo mikato ilipungua. Kufuli gani hili ambalo ukilivunja, milango mingine inajifunga?

Naomba kuelewa mambo mawili: ukimya unazuia tendo lenyewe la kukata, au unazuia kitu kinachotangulia? Na nikipima rikombinesheni badala ya mikato, je, ninapima kitu kile kile?

Mpasua Tetradi

Ndugu Mwanafunzi, umelieleza swali lako vizuri, nami nitaanza na mfano wa HO kwa sababu naona ndiyo unaokupotosha.

HO hutafuta mfuatano mmoja mahususi, kikiupata kinakata, na hakihitaji msaidizi. Kwa kimeng'enya cha namna hiyo mfano wa mlango unatosha. Spo11 si hivyo. Haichagui mfuatano mahususi, na haikati peke yake: mikato ya meiosisi ya hamira inahitaji protini kumi, nazo ni Spo11, Ski8, Rec102 na Rec104, kisha Rec114, Mei4 na Mer2, kisha Mre11, Rad50 na Xrs2. Ondoa mojawapo na mikato inakoma au inabaki michache mno. Kwa hiyo unapouliza kama ukimya unaizuia Spo11, unauliza kwa kweli ni hatua ipi kati ya nyingi inayozuiwa.

Sasa zingatia jinsi kromosomu inavyokaa wakati huo. DNA imening'inia kama vitanzi juu ya mhimili wa protini, na mhimili huo ndio wenye Rec8, Red1 na Hop1. Mikato hutokea kwenye DNA ya vitanzi, lakini Rec114, Mei4 na Mer2 zimekaa kwenye mhimili. Lazima kitanzi kivutwe hadi kwenye mhimili ndipo kikatwe. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kiungo kimojawapo cha uvutaji huo: protini Spp1 hutambua histoni H3 iliyowekewa methili kwenye laisini ya 4, na wakati huo huo hushikana na Mer2. Alama hiyo ya methili huwekwa na Set1, na hujaa kwenye mwanzo wa jeni zinazosomwa.

Hapo ndipo ukimya unapogusa mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kromatini iliyonyamazishwa ina nukleosomu zilizojipanga bila kuacha nafasi, kwa hiyo Spo11 haipati pa kushika. Hapo mlango wako upo, sikatai. Lakini pia ina upungufu mkubwa wa methili kwenye laisini ya 4 ya H3, kwa hiyo hata DNA yake ingekuwa wazi, Spp1 isingekuwa na cha kushika ili kuivuta kwenye mhimili. Na kama tutakavyoona kwenye rDNA, kuna mahali ambapo ukimya hufukuza protini za mhimili wenyewe. Ukifuta SIR2 unabadilisha yote hayo kwa pamoja, kisha unasoma namba moja mwishoni.

Nina tahadhari kuhusu telomea na kuhusu HML na HMR, maana wengi huzitaja kama ushahidi ulionyooka. Ramani za mikato zinaonyesha kwamba takriban jozi-besi (herufi za DNA) 20,000 za mwisho wa kila kromosomu zina mikato michache. Protini za Sir, katika hali ya kawaida, hazienei umbali huo. Kwa kawaida huishia jozi-besi elfu chache kutoka kwenye ncha. Eneo baridi, basi, ni pana kuliko eneo lililonyamazishwa, na sehemu kubwa ya ubaridi huo haitokani na Sir. HML yenyewe iko zaidi kidogo ya jozi-besi 10,000 kutoka ncha ya kushoto ya kromosomu ya III, ndani ya ukanda huo huo baridi, na HMR iko ukingoni mwake upande wa kulia. Ukiona HML haikatwi, huwezi kujua mara moja kama imenyimwa mikato na ukimya au na ujirani wake. Borde, Wu na Lichten walilionyesha jambo la ujirani kwa uwazi mwaka 1999: walichukua kipande kile kile cha DNA wakakipachika sehemu mbalimbali za kromosomu ya III, na kila kilipopachikwa kilifuata tabia ya mtaa, moto penye joto, baridi penye baridi.

Ushauri wa vitendo: usitegemee kufuta SIR2 pekee. Futa pia SIR3 katika hamira nyingine. Sir3 inahitajika kwa ukimya wa telomea na wa HML na HMR, lakini haihitajiki kwa ukimya wa rDNA, ambako Sir2 hufanya kazi ndani ya kundi jingine la protini, pamoja na Net1 na Cdc14. Badiliko linaloonekana ukifuta yoyote kati ya hizo mbili linaelekea kutokana na ukimya wa telomea au wa HML na HMR. Linaloonekana ukifuta SIR2 tu lina asili nyingine. Ongeza na hamira yenye Sir2 iliyobadilishwa histidini ya 364 kuwa tairosini, ambayo protini ipo lakini haiwezi kuondoa asetili, ili utofautishe kazi ya kimeng'enya na kazi ya mwili wa protini.

Jambo la mwisho ni kosa nililolifanya mwenyewe, nalo lilinipotezea miezi. Nilitumia aina ya SK1, ambayo seli zake huingia meiosisi karibu kwa pamoja, nikachukua sampuli saa ya nne baada ya kuzihamishia kwenye asetati ya potasiamu, nikaona hamira isiyo na SIR2 ina mikato michache. Nilifurahi nikaandika ripoti. Baadaye, nilipopima kiasi cha DNA kwa kila saa, niligundua kwamba seli zile zilikuwa zimechelewa kunakili DNA, na mikato haiji kabla ya unakili katika sehemu husika. Upungufu wangu ulikuwa wa saa tu. Pima unakili kwa kila mfululizo wa sampuli, kisha linganisha saa na saa, au tumia jumla ya mwisho katika hamira ambamo mikato hujikusanya bila kurekebishwa.

Bint Kromatini

Namshukuru kaka Mpasua Tetradi kwa maelezo yake. Mimi nitakaa kwenye rDNA, kwa sababu naamini jibu la swali la kwanza linaonekana huko kuliko mahali pengine popote, na inasikitisha kwamba hupitiwa juu juu.

Safu ya rDNA ina nakala kati ya 100 na 200 za kipande kile kile chenye jozi-besi 9,100 hivi, zimepangwa mkia kwa kichwa. Hebu fikiria hatari yake. Nakala yoyote ikikatwa inaweza kurekebishwa kwa kutumia nakala yoyote nyingine, si lazima ile inayolingana nayo, na matokeo yake ni kupoteza au kuongeza makumi ya nakala kwa mara moja. Eneo hili ni zaidi ya jozi-besi milioni moja katika jenomu ya milioni 12, na lingekuwa na haki ya kupata mikato mingi. Lakini tangu kazi ya Petes na Botstein ya mwaka 1977 imejulikana kwamba safu hii hurithiwa karibu kama jeni moja, kwa jinsi mbadilishano ulivyo haba ndani yake. Mwaka 1989 Gottlieb na Esposito walionyesha kwamba kinachoilinda ni SIR2: ukiifuta, rikombinesheni ndani ya rDNA inapanda. Wakati huo Sir2 haikuwa imejulikana kama kimeng'enya. Kwamba huondoa asetili kwa kutumia NAD kulikuja kubainika mwaka 2000.

Mpaka hapo mfano wa mlango bado unasimama. Kisha San-Segundo na Roeder, mwaka 1999, wakamgundua mhusika mwingine, Pch2. Protini hii huonekana katika meiosisi tu, na nyingi hukaa kwenye nukleoli, yaani sehemu ya kiini yenye rDNA. Hop1, ambayo ni protini ya mhimili, haionekani huko. Ukifuta PCH2, Hop1 inaingia kwenye nukleoli. Na ukifuta SIR2, Pch2 yenyewe inaondoka kwenye nukleoli. Tazama mpangilio huo: Sir2 inaiweka Pch2 mahali pake, Pch2 inaifukuza Hop1, na bila Hop1 hakuna mhimili wa kuitia mikato nguvu. Ukimya hapa hauifungii Spo11 nje kwa kubana nukleosomu peke yake. Unaondoa jukwaa ambalo mitambo ya kukata ingesimamia.

Lakini matokeo yaliyonifanya nibadilishe kabisa namna ninavyofikiri ni ya Vader na wenzake ya mwaka 2011. Walitazama mipaka ya rDNA, mahali ambapo safu iliyonyamazishwa inapakana na kromatini ya kawaida. Bila Pch2, au bila kazi ya mwenzake Orc1, mikato mingi ilizuka pale mpakani, na nakala za pembeni za safu zikawa zinapotea. Ungetegemea kwamba ukiondoa na Sir2 juu ya hapo hali itazidi kuharibika. Sivyo. Udhaifu ule wa mpaka uliletwa na kromatini ya Sir2 yenyewe: kuwepo kwa ukimya ndani ya safu ndiko kunakoufanya ukingo wake uwe rahisi kukatwa, na Pch2 pamoja na Orc1 zipo ili kuulinda ukingo dhidi ya hatari iliyoletwa na ukimya.

Kwa hiyo, ndugu, unapouliza kufuli gani hili ambalo ukilivunja milango mingine inajifunga, jibu langu ni kwamba ukimya una ukingo, na ukingo una tabia yake. Ndani ya eneo mikato inapungua. Pembeni inaweza kuongezeka. Ukiufuta ukimya, ndani panapanda na ukingoni panaweza kushuka. Takwimu za jenomu nzima zinazochanganya ndani na ukingoni lazima zitoe majibu yanayopingana. Ningekuwa wewe, ningechukua kila jeni iliyobadilika nikapima umbali wake kutoka mpaka wa karibu wa eneo lililonyamazishwa, kabla ya kuuliza kama imepanda au imeshuka.

Mwanafunzi wa Jenetiki

Dada Bint Kromatini na kaka Mpasua Tetradi, nawashukuru sana. Sikuwahi kufikiria ukingo kama kitu chenye tabia yake. Naomba niongeze jambo moja. Baadhi ya jeni ambazo mikato yake ilipungua haziko karibu na mpaka wowote ninaoujua. Je, inawezekana kwamba Spo11 ni chache, na maeneo mapya yanapofunguka yanazipokonya sehemu nyingine mgawo wao? Na swali langu la pili, la kupima rikombinesheni badala ya mikato, bado halijajibiwa.

Mzee wa Maabara

Wanangu, nimefurahi kusoma mazungumzo haya. Nitaanza na swali la pili, kwa kuwa la kwanza haliwezi kujibiwa mpaka hilo liwe wazi.

Rikombinesheni unayoisoma kwenye spora ni tofauti na mikato. Chukua tetradi: seli moja imetoa spora nne ndani ya kifuko kimoja. Umelegeza ukuta wa kifuko kwa kimeng'enya, umeweka tone kwenye bamba la agari, na chini ya hadubini unazitenganisha spora nne kwa sindano ya kioo, moja moja, unazipanga kwa safu. Baada ya siku mbili au tatu zimekuwa makoloni manne, na unasoma alama zipi zimeenda pamoja. Kinachoonekana pale ni mikato iliyorekebishwa kwa kromosomu mwenza, tena yenye alama tofauti pande mbili. Mkato uliorekebishwa kwa kromatidi dada (nakala iliyotokana na unakili wa kromosomu ile ile) haukuachii dalili yoyote, kwa sababu dada hao wana mfuatano ule ule. Kama ukimya unaigeuza seli ielekee kwa dada, tetradi zitakuambia hakuna rikombinesheni, nawe utaandika hakuna mikato, na utakuwa umekosea. Hop1 na Red1, ambazo wenzangu wamezitaja, ndizo hizo hizo zinazoielekeza seli kwa kromosomu mwenza badala ya dada. Mahali penye upungufu wa Hop1 panaweza kupata mikato michache na pia upendeleo mwingine wa kurekebisha. Lazima upime vyote viwili.

Kupima mikato yenyewe unahitaji hamira ambayo haimalizi kuirekebisha. Ukifuta SAE2, Spo11 inabaki imenasa kwenye ncha za DNA ilizozikata, na ncha hazitafunwi. Unatoa DNA, unaikata kwa kimeng'enya unachokijua, unaitembeza kwenye jeli ya agarosi, unaihamishia kwenye utando na kuitambulisha kwa kipande chenye alama. Juu utaona mstari mnene wa DNA isiyokatwa. Chini yake, mistari myembamba yenye makali, kila mmoja ukiwa eneo moto. Katika hamira iliyofutwa DMC1, mistari hiyo hiyo huonekana imefifia na kuburuzika kuelekea chini, kwa sababu ncha zimeanza kutafunwa na seli haiwezi kuendelea kuzirekebisha. Ukizoea, unaitambua picha hata kabla ya kusoma maandishi. Ila kila moja ina kasoro yake: ramani za zamani zilizofanywa katika hamira zenye ncha zisizotafunwa zilipunguza baadhi ya maeneo, na ramani mpya zilipofanywa kwa DMC1 iliyofutwa, maeneo yaliyodhaniwa baridi yakaonekana kumbe yana mikato. Siku hizi njia bora ni kukusanya vipande vifupi vya DNA vinavyobaki vimeshikamana na Spo11 inapoondolewa, maana hivyo hupatikana katika hamira inayorekebisha kama kawaida. Ramani ya Pan na wenzake ya mwaka 2011 ilitengenezwa hivyo.

Sasa ushindani. Ndiyo, mwanangu, upo, lakini zaidi ni wa majirani. Wu na Lichten walionyesha mwaka 1995 kwamba ukipachika eneo moto jipya, maeneo moto ya karibu yanapoa. Miaka 20 baadaye maabara ya Neale ilionyesha kwamba kinaza (kimeng'enya kinachoweka fosfeti kwenye protini nyingine) Tel1 huhusika: mkato mmoja ukitokea, Tel1 huzuia mikato mingine kutokea karibu, kwa umbali wa makumi ya maelfu ya jozi-besi. Kwa hiyo Sir2 ikiondolewa na sehemu fulani ikaanza kukatwa, jirani yake wa umbali huo anaweza kupungukiwa bila kuguswa na Sir2 hata kidogo. Lipo jaribio rahisi la kutenganisha: futa SIR2 na TEL1 pamoja. Upungufu unaotokana na ujirani utapona. Upungufu unaotokana na kitu kingine hautapona.

Nitamalizia na hamira ya pili, kwa sababu ndiko lilikofanyika jaribio ninalolipenda kuliko yote katika jambo hili. Mwaka 1893 Lindner alieleza hamira aliyoipata katika pombe ya mtama kutoka Afrika Mashariki, akaipa jina la neno letu hili: Schizosaccharomyces pombe. Hamira hiyo haina Sir3 wala Sir4. Ukimya wake uko zaidi kama wa wanyama na mimea: kimeng'enya Clr4 huweka methili kwenye laisini ya 9 ya H3, na Swi6 hushikamana nayo, hasa pande zote mbili za sentromea (mahali kromosomu inaposhikwa seli inapogawanyika). Mwaka 2010 Ellermeier na wenzake, wa maabara ya Smith, walionyesha kwamba mifumo ya RNA na ya ukimya ikivurugwa, mikato na rikombinesheni hutokea pale karibu na sentromea ambako kwa kawaida havipo. Mpaka hapo unaweza kusema tena: mlango. Lakini mwaka 2018 Nambiar na Smith waliuliza swali lako lenyewe. Waliona kwamba ukanda wa sentromea una kundi la kohesini (protini zinazofunga kromatidi dada pamoja) lisilo na Rec11, ambayo kwenye mikono ya kromosomu ndiyo inayoita mitambo ya kukata. Wakaifunga Rec11 kwa nguvu kwenye kromatini ile iliyonyamazishwa, bila kuuondoa ukimya. Ukimya ulibaki, na mikato ikatokea.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza kwa hamira ile: DNA iliyonyamazishwa inaweza kukatwa ikiwa wabebaji wa mitambo wapo. Usilihamishe moja kwa moja hadi kwa hamira ya mkate, ambayo haina methili ile ya laisini ya 9 na ambayo sentromea zake hulindwa kwa njia nyingine, kupitia protini za kinetokori (zinazokaa juu ya sentromea) kama kundi la Ctf19. Lakini namna ya kuuliza unaweza kuihamisha. Katika hamira ya mkate Spo11 imewahi kuunganishwa na sehemu inayoshika DNA ya Gal4 (protini inayowasha jeni), na ikakata mahali ambapo kwa kawaida hapakatwi. Pachika mfuatano unaoshikwa na Gal4 ndani ya eneo lililonyamazishwa, kisha uone kama itakata Sir zikiwepo.

Mwanafunzi wa Jenetiki

Mzee, shikamoo, na asante. Nimeamua kufanya hivyo hivyo: nitapachika mfuatano huo karibu na telomea ya kushoto ya kromosomu ya VII, pamoja na jeni ya URA3 kama kipimo cha ukimya, kisha nilinganishe hamira ya kawaida, iliyofutwa SIR3, na iliyofutwa SIR2. Je, kuna mtego nisiouona?

Mpasua Tetradi

Upo mmoja, nao ni mkubwa. Ukimya wa telomea si sawa katika seli zote. Gottschling na wenzake walipopachika ADE2 karibu na telomea mwaka 1990, makoloni yalitoka na vipande vyekundu na vyeupe ndani ya koloni moja, kama kanga yenye mabaka: nyekundu ni ukoo wa seli ambazo jeni imenyamaza, nyeupe ni ukoo ambao inasomwa, na hali hiyo hurithiwa kwa vizazi kadhaa kabla ya kugeuka. DNA yao ni ile ile.

Sasa ukitoa DNA ya seli zote kwa pamoja na kuona mstari wa mikato una nusu ya nguvu yake, utasema nini? Inaweza kuwa ukimya umepunguza mikato kwa nusu katika kila seli. Inaweza pia kuwa umeizuia kabisa katika nusu ya seli na haukuigusa nusu nyingine. Jeli itakuonyesha picha ile ile kwa zote mbili, ilhali maana zake ni tofauti kabisa kwa swali unalouliza. URA3 uliyoichagua inakusaidia: oteza kundi moja kwenye 5-FOA (kemikali inayoua seli zinazoisoma URA3), ambako zinaishi seli zilizonyamazisha tu, na jingine bila urasili (kirutubisho ambacho URA3 huiwezesha seli kukitengeneza), ambako zinaishi zinazoisoma tu, kisha ziingize meiosisi haraka kabla hali haijachanganyika tena, na upime kila kundi peke yake. Hakikisha pia kabla ya kuanza kwamba nakala zote mbili za diploidi yako zina URA3 mahali hapo, maana nakala moja ikiisoma inatosha kuiua seli kwenye 5-FOA, na ndivyo utakavyojua kwamba walionusurika wamenyamaza pande zote mbili.